Huyu Samaki Kashuka Lini? Kula Kijapani Ukiwa Bamburi

Khalati yangu amepita miaka sabini, kazaliwa Kisauni na kuolewa Kisauni, na mpaka mwaka jana hakuwa ameketi mahali panapouzwa samaki mbichi juu ya tonge la wali. Tulimpeleka sisi wana wa dadake, Jumapili moja alasiri, kwenye mkahawa wenye baa upande wa ufuoni Bamburi, wa ule mtindo wa jiko la Kijapani lililochanganywa na majiko mengine. Kijana aliyetuhudumia alisimama akatueleza menyu kutoka juu hadi chini, majina marefu, sosi za kila namna. Alipomaliza, khalati akamwita karibu, akamshika mkono kama anavyowashika wajukuu zake, akamuuliza: "Mwanangu, huyu samaki kashuka lini?"

Kijana hakuwa na jibu. Akaomba radhi, akaenda jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe. Mpishi akasema jodari kashuka asubuhi ile na tangu hapo yuko kwenye barafu. Salmoni katoka ng'ambo, wa friza. Kamba ni wa jana. Khalati akaitikia kwa kichwa. "Basi niletee jodari."

Naandika kwa sababu ya swali lile. Nimeona watu wa pwani, watu ambao marikiti ya Kongowea hawanunui hata changu mmoja bila kufunua matamvua kutazama wekundu wake, wakiketi kwenye mkahawa wenye taa za karatasi na vibakuli vidogo vya sosi, wakanyamaza. Wanaagiza kwa kunyooshea kidole picha. Wanachelea kuonekana hawajui. Wanakula kwa wasiwasi, wanalipa, wanatoka na njaa, na hawarudi tena. Na kumbe katika chumba kile chote, wanaomjua samaki wa bahari hii ni wao.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio unaobeba mingine yote, ni huu: ujuzi wako wa nyumbani usiuache mlangoni pamoja na viatu. Ingia nao.

Mikahawa ya namna hii imeongezeka upande wetu wa bara, kuanzia Nyali kuja Bamburi hadi Shanzu. Il Covo, pale ufuoni Bamburi, imejulikana kwa kuweka jiko la Kiitaliano na la Kijapani chini ya paa moja, na hoteli kadhaa za pwani zina usiku wao wa sushi. Wapishi wana jina lao la kigeni kwa upishi huu wa kuchanganya. Sisi tuna letu: mseto. Kila nyumba ya Mombasa inaujua mseto wa wali na pojo uliopikwa kwa tui, na kila mama anajua kwamba mseto mzuri ni ule ambao ukitia mdomoni unaijua pojo, unaujua wali, na tui linakuja nyuma yake. Pale kila kitu kikawa uji mmoja, mseto umeharibika. Mpime mpishi wa Bamburi kwa kipimo hicho hicho. Akikuletea jodari kwa ukwaju na pilipili, ukamwonja jodari kwanza kisha ukwaju, huyo anajua kazi. Akikuletea msokoto wa wali uliofunikwa mayonezi, sosi tamu, chenga za kukaanga na jibini juu yake, jiulize kuna nini chini ambacho hataki ukionje. Sosi tatu juu ya samaki mmoja ni dalili mbaya Japani, na ni dalili mbaya Bamburi.

Wala tusidhani mchanganyiko huu umeanza jana. Tempura, yaani kamba au mboga iliyochovywa kwenye unga mwepesi na kukaangwa, inasemekana asili yake ni ufundi wa Wareno, waliofika Japani mwaka 1543. Nusu karne baadaye, mwaka 1593, Wareno wenzao walianza kujenga Fort Jesus hapa kwetu. Sisi walituachia maneno kama meza na leso. Wajapani waliwaachia neno lao la mkate, pan, na mkono wa kukaanga. Ukionja tempura ya biringani ukakumbuka bajia, kumbukumbu yako ina haki, ingawa bajia zetu zilikuja kwa njia ya India. Kari nzito ya Kijapani nayo ilitoka India, ikapita Uingereza, ikatia nanga Japani katika karne ya 19. Na leso zenyewe: kuanzia mwaka 1926 meli za kampuni ya Osaka Shosen zilikuwa na safari za kudumu kuja Afrika Mashariki, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya leso zilizovaliwa mwambao huu zilichapwa Japani. Khalati anayo jozi moja sandukuni, anasema rangi yake haijachuja tangu aolewe. Alipoambiwa tunakwenda kula chakula cha Kijapani, hakuuliza Japani ni wapi. Alisema, "Wale wa leso."

Sasa samaki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa zako na tumbo lako vinapoamuliwa.

Msimu wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na mashua huenda mbali. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, upepo na mawimbi huwafunga wavuvi wadogo ufuoni siku nyingi. Ukienda mkahawani mwezi wa Juni na kila samaki kwenye menyu anadaiwa kuwa wa asubuhi ile, uliza zaidi. Huenda ni kweli. Huenda ametoka friza. Na hapa niseme jambo ambalo wengi wetu hatulipendi: kwa samaki wa kuliwa mbichi, friza si aibu. Samaki wengi wa baharini wana minyoo midogo ambayo moto huiua, na kama hakuna moto, baridi kali huiua. Kipimo kinachofuatwa sana ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Jodari mkubwa wa bahari kuu ana nafuu katika jambo hili, ndiyo maana nchi nyingi humruhusu aliwe mbichi bila kugandishwa kwanza. Changu, tewa, kolekole na wenzao wa kwenye miamba, usikubali kuwala wabichi mpaka uambiwe waligandishwa, kwa nyuzi ngapi na siku ngapi. Tena uliza kama wana jenereta. Stima hupotea Bamburi kama inavyopotea kwako Kiembeni au Utange, na friza iliyozimika usiku mzima haiwi tena friza ya kuaminika.

Liko jambo la pili ambalo watu hawalijui, na mimi nililijua kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma nilikula nguru mahali ambapo sitapataja, nguru aliyeiva, aliyekaangwa vizuri kabisa. Kabla sijamaliza sahani, ulimi ulikuwa ukichoma kama nimetafuna pilipili, na pilipili haikuwemo. Baada ya nusu saa uso uliwaka mwekundu, kichwa kiligonga, moyo ukaenda mbio. Daktari alinieleza kwamba jodari, nguru na jamaa zao wenye nyama nyeusi wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama kitu kiitwacho histamini, na kikishatengenezeka hakitoki kwa kupika, kwa kukaanga wala kwa kugandisha. Limau halikiondoi. Kinga yake ni barafu tangu mashuani. Ndiyo maana swali la khalati lina nusu ya pili ambayo lazima uiulize: kashuka lini, na tangu ashuke amekaa wapi? Na ukihisi ulimi unachoma bila pilipili, acha kula hapo hapo, waambie wahudumu ili meza nyingine zisiletewe, na kama dalili zinazidi, nenda hospitali usingoje asubuhi.

Jicho na pua vinakutosha kwa mengine. Jodari mbichi mzuri ana rangi ya nyama iliyo hai, nyekundu yenye mng'ao wa unyevu. Akiwa kahawia kingoni amekaa, na akiwa mwekundu wa kung'aa kama pipi nako kuna walakini, kwani wako wafanyabiashara wanaompuliza gesi ili rangi isibadilike. Harufu iwe ya bahari wakati maji yamejaa, si ya bahari iliyokupwa. Wewe unaijua tofauti hiyo.

Kama ni mara yako ya kwanza, na hasa kama ni wa kupenda kujaribu pole pole, usianzie kwenye kibichi. Anzia kwenye pweza. Tako kwenye menyu ni pweza, ika ni ngisi, ebi ni kamba, maguro ni jodari. Pweza na kamba wa sushi kwa kawaida wamekwisha chemshwa. Yupo pia jodari aliyebabuliwa juu kwa moto, ndani akabaki mwekundu. Na vipo vijiti vya kuku wa makaa, yakitori, ambavyo mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mishkaki usiku atavielewa bila tafsiri. Kitu kiitwacho kani kinatakiwa kuwa kaa, lakini mara nyingi ni kijiti cha nyama ya samaki mweupe kilichopakwa rangi. Kwa mji wenye kaa kama wetu, kulipia kijiti hicho ni hasara. Uliza kama wana kaa wa kweli. Wakiwa hawana, ruka.

Mama mjamzito na asile kibichi chochote hapo. Si kwa ushirikina, ni kwa vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto. Tempura, tambi za moto na samaki wa kuchoma vipo tele, na hakuna mpishi mwema atakayekereka.

Wali ndio shahada ya mpishi wa Kijapani. Sisi tumelelewa na wali wa punje mojamoja, pishori ya Mwea ikinukia hadi barabarani, na tukiona wali unaoshikana tunasema huu ni ubwabwa wa watoto. Wa sushi unashikana kwa makusudi: ni mchele wa punje fupi, unatiwa siki, sukari na chumvi ungali moto, kisha unapepewa. Unatakiwa uje mezani na uvuguvugu wa mkono. Ukija baridi na punje zake ngumu katikati, umetoka friji, na wali ukilala kwenye friji hugeuka hivyo kwa Mjapani kama kwako. Lakini liko moja litakalokufurahisha. Wajapani wana neno la ukoko, okoge, na wanaugombania kama tunavyougombania sisi. Mkahawa ukiwa na wali wa chungu, omba wakuletee na ukoko wake.

Kuhusu ladha, tuna bahati ya lugha. Mwaka 1908 mwanakemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza mchuzi wa mwani wa kombu akatambua ladha ambayo haikuwa chumvi, sukari, ukali wala uchungu, akaiita umami, kutokana na neno la Kijapani la kitu kitamu. Vitabu vya Wazungu huhangaika kulieleza neno hilo. Mswahili hana haja ya kuelezwa: tukisema mchuzi huu mtamu au samaki huyu mtamu, hakuna anayefikiri umetiwa sukari. Utamu wa papa mkavu ndani ya mchuzi wa nazi ndio utamu ule ule. Mchuzi wa msingi wa Kijapani, dashi, hutokana na mwani wa kombu na vipande vya jodari mdogo aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kama kuni. Kwa hivyo ukiletewa supu nyepesi ya rangi ya chai na ukaiona haina kitu, usikimbilie chumvi. Kunywa taratibu. Halafu mwani: ile karatasi nyeusi inayofunga wali ni nori, aina nyingine kabisa na ule mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale, ambao husafirishwa kwa ajili ya viwanda. Natamani siku moja mpishi wa Bamburi auweke mwani wa Kibuyuni kwenye saladi yake na kuandika jina la kijiji kwenye menyu.

Nyumba yetu ni ya Kiislamu, na suala la baa lilijadiliwa kabla hatujatoka nyumbani. Wako ndugu ambao hawaketi mahali penye pombe hata kwa maji, na ndugu yangu mmoja aliamua kutokuja. Hatukumbishia, na wewe usimbishie wako. Mnunulieni wa kubeba, mkale naye nyumbani. Sisi tulipiga simu siku moja kabla, tukaomba meza ya bustanini mbali na kaunta, tukaenda alasiri kabla baa haijachangamka. Ukipiga simu mapema, wenye mkahawa huwa wepesi kusaidia. Ukijitokeza Ijumaa saa tatu usiku ukataka kona tulivu, unawatesa bure.

Kisha yapo yaliyomo sahanini. Usiulize tu, "Ni halali?" Mhudumu atasema ndiyo, na huenda anasema kwa nia njema kabisa akiwa na maana ya kuku. Uliza vitu vyenyewe. Jikoni kuna nguruwe? Mafuta ya kukaangia ni yale yale? Vyombo je? Jifunze silabi moja itakayokuokoa: ton. Kwa Kijapani ni nguruwe. Tonkatsu ni kipande cha nguruwe kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Tonkotsu ni mchuzi wa mifupa ya nguruwe ambao ndio msingi wa tambi nyingi za rameni. Katsu peke yake yaweza kuwa kuku. Gyoza, zile sambusa ndogo zilizokunjwa nusu mwezi, kwa asili hutiwa nguruwe, ingawa hapa mara nyingi ni kuku au mboga. Chashu, nguruwe.

Pombe nayo hujificha kwenye sosi. Mirini, kiungo kitamu kinachong'arisha samaki wa teriyaki, ina kileo cha asilimia 14 hivi, na jikoni hutiwa pia sake ya kupikia. Wako wapishi wanaotumia sukari na siki badala yake, na wako wenye chupa za mirini zisizo na kileo. Waambie wakuonyeshe chupa. Usiogope kuomba hivyo. Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili nayo huwa na chembe ya kileo kinachojitokeza chenyewe. Wanazuoni wamelizungumza, na kila mtu na amwulize anayemwamini. Mkahawa ukiwa na cheti cha halali, kama kile cha Kenya Bureau of Halal Certification, tazama jina na tarehe, usitazame nembo peke yake. Na usishtuke ukiona "sake nigiri" kwenye menyu: neno sake kwa Kijapani pia ni salmoni. Ni samaki juu ya wali. Hakuna kilevi hapo.

Kwa wenye presha, jambo moja linawahusu kuliko mengine yote. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya kina karibu miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku. Kibakuli kile kidogo kikijazwa na kumalizwa, siku yako imekwisha. Mimina matone. Ukimgeuza samaki akagusa sosi yeye badala ya wali, utatumia kidogo sana, na ndivyo Wajapani wenyewe wanavyofanya, kwa kuwa wali ukichovywa hunyonya na kumeguka. Mwenye sukari naye akumbuke kwamba wali ule umetiwa sukari.

Vijiti visikutoe jasho. Sushi ya tonge, nigiri, ilianza kama chakula cha vibanda vya barabarani mjini Edo, Tokyo ya leo, mapema katika karne ya 19, samaki wa ghuba yao juu ya wali, mtu akila kwa mkono akaenda zake. Kwa mkono ni adabu kamili hadi leo. Utaletewa taulo ya moto kabla ya kula; ni kunawa kule kule tulikofunzwa. Khalati alijipangusa kwa taulo, akasema Bismillahi, akalichukua tonge kwa vidole vitatu, na hapakuwa na mtu mezani aliyelila kwa ustadi kumshinda. Ukitumia vijiti, usivichomeke wima kwenye wali na usimpokeze mtu kipande kwa vijiti kwenda kwa vijiti vyake. Yote mawili kwao ni mambo ya mazishi. Tangawizi ile ya waridi ni ya kusafisha mdomo kati ya samaki mmoja na mwingine, achari kwa kazi nyingine. Na lile donge la kijani, wasabi, lionje kwa ncha ya kijiti. Mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi, kwa sababu wasabi ya kweli ni adimu na ghali. Ukali wake hupanda puani, tofauti na pilipili yetu inayokaa ulimini, na hupita upesi.

Bili isomwe kama menyu. Tonge za nigiri kwa kawaida huja mbili mbili, msokoto hukatwa vipande sita au vinane. Uliza idadi kabla ya kuagiza, maana picha hudanganya ukubwa. Watu wanne wakiagiza sahani tano za katikati wakashirikiana watakula vizuri kuliko kila mtu na yake. Tazama chini ya menyu kama bei zimeshajumlisha VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na kama kuna malipo ya huduma. Ukilipa kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea kwenye till ni la mkahawa, si la mtu. Japani hawapokei bakshishi. Bamburi vijana wanarudi Mtopanga na Mwembelegeza kwa matatu usiku. Mwachie chochote aliyekwenda jikoni kukuulizia.

Kwa atakayekunywa: sake huwa na kileo cha asilimia 15 hivi, na Tusker ni 4.2. Kikombe chake kidogo kinapoteza hesabu. Acha gari nyumbani. Matatu za barabara ya Malindi zipo, na kutoka steji hadi ufuoni tuktuk itakufikisha; patana nauli kabla ya kupanda. Barabara ya kwenda Mtwapa imekuwa kwenye upanuzi, basi jioni jipe muda wa foleni.

Na siku ya kwenda? Bamburi inatazama mashariki. Jua halizami baharini, linazama nyuma yako, upande wa Kiembeni, na wengi huja na kamera wakavunjika moyo. Njoo usiku wa mwezi mpevu. Alasiri maji huwa yamejaa, ni bamvua, na jua linapotua nyuma, mwezi unachomoza mbele juu ya bahari, mwekundu kwanza. Sisi tuliukuta hivyo pasipo kupanga, sahani zikiwa zimeondolewa na chai ya kijani ikiwa mezani, khalati akiiita chai ya majani mabichi na kutaka tangawizi humo.

Mpishi alipita kutuuliza kama tumeridhika. Khalati alimsifu kwa jodari, alimwambia wali ungehitaji chumvi kidogo, kisha akamuuliza la mwisho.

"Na kichwa chake mmekitupa?"

Hawakuwa wamekitupa. Wajapani pia hawatupi kichwa cha samaki. Hukitokosa kwa soya na tangawizi, na mpishi alikuwa amekiweka kwa chakula cha wafanyakazi. Alikwenda akakipasua, akatufungia nusu pamoja na mifupa ya mgongo, hakututoza. Ukiona jodari mzima kaletwa, nawe uliza. Kesho yake adhuhuri tuliitwa Kisauni, na kichwa kile kilikuwa kwenye sufuria, mchuzi wa nazi na ndimu, na sima pembeni.